Vitu vya Kutafuna kwa Mbwa: Pima Kwanza Kitakavyovunjika

Hakuna kichezeo kisichovunjika. Pakiti inaweza kujinadi hivyo kwa herufi kubwa, lakini mbwa mwenye taya za kazi na usiku mzima wa lindo mbele yake atakimaliza tu, wiki hii au mwezi ujao. Kwa hiyo unapokishika mkononi dukani, jiulize kitaharibikaje. Kikiwa kigumu kuliko jino, litavunjika jino. Kikimeguka vipande vikubwa, vitamezwa na kuziba utumbo. Kikiwa kidogo, kitapita kizima na kukaa palepale pa kupitishia hewa. Kilicho salama huisha polepole, chembe kwa chembe, na hizo chembe mbwa akizimeza hutoka zenyewe.

Kumzuia asitafune kabisa hakuwezekani. Usipompa cha kutafuna atajitafutia: ndala, mguu wa kochi, mpira wa kumwagilia bustani, waya wa umeme.

Mjue mtafunaji kabla ya kwenda dukani

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Huanza kung'oka anapofikisha miezi mitatu na nusu hadi minne, na ifikapo mwezi wa saba huwa na meno 42 ya kudumu. Miezi hiyo ufizi unamuuma, naye atang'ata chochote. Anachohitaji ni kitu laini chenye ubaridi. Chukua taulo dogo la uso, lilowanishe, likamue, lisokote kama mkia, kisha liweke kwenye friza saa mbili au tatu. Mpe dakika 10 hadi 15 ukiwa umekaa naye. Likishayeyuka mnyang'anye, kwa sababu taulo lililolainika ndipo linapoanza kutoa nyuzi. Vitu vigumu vya mbwa wakubwa asipewe: meno ya utoto ni membamba kama sindano na hukatika haraka, na jino la utoto lililokatika huweza kuingiza maambukizi hadi kwenye jino la kudumu linalosubiri chini yake.

Kwa mbwa mzima, tabia yake ndiyo itakayokuchagulia. Mpe kipande cha katoni kisicho na gundi wala pini, umwangalie dakika tano. Yupo anayekilalia, akakishika kwa miguu ya mbele na kukimung'unya taratibu. Huyo mnunulie karibu chochote kinachopita vipimo vya hapa chini. Yupo anayekichana vipande na kuvitema huku na huko. Huyo atakuchafulia nyumba, lakini hatari yake ni ndogo. Na yupo anayechana na kumeza. Huyo wa tatu asiachiwe kitu cha kitambaa, sponji wala kamba hata dakika moja bila mtu karibu. Mbwa wengi wanaofanyiwa upasuaji wa kutolewa vitu tumboni ni wa tabia hii, na wenye mbwa hao hujua fika kwamba "huyu anameza kila kitu".

Mbwa mzee, mwenye meno yaliyolika, mrudishe kwenye mpira laini wa watoto wa mbwa, ila wa ukubwa wa mwili wake.

Ukubwa: tumia rula, usikadirie kwa jicho

Kitu cha mviringo kisiweze kupita nyuma ya meno ya chonge kwa urahisi. Mpira wa tenisi una kipenyo cha karibu sentimita 6.7. Kwa mbwa wa kilo nane huo ni mkubwa wa kutosha, lakini kwa mbwa wa aina kubwa kama German Shepherd, Rottweiler au Boerboel unaweza kubonyea, ukateleza na kuingia kooni kama kizibo. Mbwa wa kilo 25 na kuendelea apewe mpira wa sentimita 8 au zaidi.

Kitu kirefu kiwe kinajitokeza pande zote mbili za mdomo anapokiuma kwa ubavu. Uzito wa mbwa ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Na kama uani kuna mbwa wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, nunua kwa kipimo cha mkubwa. Watabadilishana tu ukishageuza mgongo.

Kumbuka pia kwamba kitu cha kuliwa hupungua. Kilichokuwa na sentimita 15 asubuhi kinaweza kuwa na sentimita 4 jioni, na hapo ndipo mbwa huamua kukimaliza kwa pigo moja. Kinapokaribia kuenea chote mdomoni, kichukue.

Ugumu: ukucha na goti

Kandamiza kwa ukucha wa kidole gumba kwa nguvu. Ukucha ukiacha alama, au kitu kikabonyea kidogo, kimefaulu. Kikiwa kama jiwe, kirudishe kwenye rafu. Kipimo cha pili ni cha goti: je, ungekubali kujigonga nacho kwenye kifuniko cha goti? Ukisita, jino la mbwa nalo lina haki ya kusita.

Sababu iko kwenye maumbile ya mdomo. Mbwa hatafuni vitu vigumu kwa meno ya mbele. Huvisukuma pembeni, kwenye jino kubwa la juu ambalo hukutana na gego la chini kama makali mawili ya mkasi. Nguvu yote ya taya huangukia hapo. Tabaka gumu la nje la jino la mbwa halifiki unene wa milimita 1, ni jembamba kuliko letu. Likikutana na kitu kisichobonyea, ubavu wa jino hubanduka kama ganda, wakati mwingine hadi ndani ya ufizi, na kiini chenye neva na damu hubaki wazi. Mbwa halalamiki. Ataanza kutafunia upande mmoja, atadondosha chakula, na baada ya wiki au miezi utaona uvimbe chini ya jicho. Watu wengi hudhani ameumwa na nyuki. Inua mdomo wa juu wa upande huo uangalie lile jino kubwa: usaha umetoka kwenye mzizi wake.

Kwa kipimo hiki hushindwa vitu vingi vinavyouzwa au kuokotwa kama vya kutafuna: pembe, kwato za ng'ombe, mifupa mikavu, nailoni ngumu, mawe, hata vipande vikubwa vya barafu.

Mpira mzito unaobonyea ulipata umaarufu kwa kisa cha aina hiyohiyo. Katika miaka ya 1970 huko Colorado, Marekani, Joe Markham alikuwa na mbwa aina ya German Shepherd aliyekuwa akiharibu meno kwa kutafuna mawe. Mbwa akaipenda sehemu ya mpira kutoka mfumo wa springi za gari la Volkswagen, na kwa umbo hilo ikaanzishwa kampuni ya KONG mwaka 1976. Rangi za vichezeo vyao zina maana: waridi na samawati isiyokolea ni mpira laini wa watoto wa mbwa, nyekundu ni wa mtafunaji wa kawaida, nyeusi ni wa mtafunaji mkali. Madukani kuna viigizo vingi vya umbo hilo, hivyo tumia ukucha na pua kuliko rangi.

Mifupa ya bucha

Hapa ndipo ubishi ulipo, kwa sababu kila mtu amewahi kumwona mbwa akila mfupa na asipatwe na lolote.

Mfupa uliopikwa asipewe. Moto hukausha mfupa na kuufanya uvunjike kwa ncha kali badala ya kusagika. Wa kuku ndio unaotajwa sana, lakini mbavu za mbuzi zilizochomwa na mifupa iliyotoka kwenye sufuria ya supu ina tabia ileile. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu mifupa mwaka 2010, na mwaka 2017 ikaongeza ile ya kufungwa kwenye pakiti iliyokaushwa au kufukizwa moshi: ilikuwa imepokea taarifa za mbwa wapatao 90 walioumia, 15 kati yao wakafa.

Mfupa mbichi haupasuki kwa ncha kama uliopikwa, ila mfupa wa mguu wa ng'ombe haupiti kipimo cha goti hata kidogo. Kuna pia mtego wa mfupa uliokatwa kwa msumeno kama pete. Mbwa hulamba uboho, pete inateleza juu ya taya la chini na kupita nyuma ya chonge, kisha haitoki. Mbwa huchanganyikiwa, na mara nyingi hulazimika kulazwa kwa dawa ya usingizi ili pete ikatwe. Kama bucha anakukatia, mwambie asikukatie pete. Uboho nao una mafuta mengi. Mbwa asiyeuzoea huharisha, au hupata uvimbe wa kongosho unaohitaji daktari. Anayekula mifupa mingi hupata shida ya upande wa pili: kinyesi cheupe, kikavu kama chaki, kinachomtoa machozi.

Jambo jingine la machinjioni: mapafu na maini mabichi yenye mifuko ya maji, ambayo mchinjaji hukata na kumtupia mbwa. Mifuko hiyo ni viluwiluwi vya mnyoo wa Echinococcus. Mbwa akila, mnyoo hukomaa kwenye utumbo wake na mayai hutoka na kinyesi. Binadamu akiyameza, mifuko humwota yeye kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huu unajulikana sana Turkana na katika maeneo ya Wamaasai, Kenya na Tanzania. Viungo hivyo vifukiwe kwa kina au vichomwe. Ini zima na safi likichemshwa vizuri ni chakula kizuri.

Vinavyookotwa nyumbani

Gunzi la mahindi ndilo baya kuliko yote, na ndilo linaloonekana halina madhara. Lina ladha, linatosha mdomoni, mbwa hulikata vipande vitatu na kumeza. Halisagiki tumboni. Linakaa hapo siku nyingi, kisha linaingia utumbo mwembamba na kukwama. Vivyo hivyo kokwa la embe: linateleza, na lina nyuzi na ukingo mgumu. Msimu wa embe ukifika, ndoo ya taka iwe na kifuniko kizito.

Ndala na malapa hukatika vipande vya sponji, tena humfundisha vibaya: mbwa hawezi kutofautisha ndala kuukuu uliyompa na viatu vipya vya mgeni. Kipande cha tairi kina nyuzi za chuma ndani. Chupa ya maji humfurahisha kwa kelele, lakini kizibo na ile pete yake humezwa. Ukitaka kumpa, toa vyote viwili na uichukue mara tu plastiki inapopasuka, kwa kuwa ukingo wake hukata ulimi. Vijiti huchoma kaakaa na koo. Makumbi ya nazi ni nyuzi tupu. Wanasesere wa mtumba wanafaa kwa mbwa mpole baada ya kung'oa macho, vifungo na utepe, ila ujazo wao ni pamba ya plastiki isiyomeng'enyeka. Mpira wa tenisi una kosa la ziada: manyoya yake hushika mchanga, na mchanga huo husugua meno kama msasa hadi yanakuwa bapa. Utumie kurusha na kuokota, kisha uweke kabatini.

Ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa na kufungwa fundo kama mfupa ipo karibu kila supamaketi. Ikiloa huvimba na kuwa utelezi, na kipande kikimezwa hakina haraka ya kusagika. Kwa mmezaji, iache kabisa.

Ukaguzi wa dakika mbili dukani

Kinuse. Harufu kali ya petroli au rangi ni dalili ya plastiki duni, na mbwa atakinyonya kwa saa nyingi. Kivute kwa mikono miwili: mshono ukiachia kwako, kwake ni sekunde. Tafuta kidude cha kupiga kelele. Kwa mbwa anayechana ndicho atakachokitafuta hadi akitoe na kukimeza. Vyenye taa vina betri ya kifungo, ambayo ikimezwa huunguza koo, usivinunue.

Halafu tazama matundu. Kitu chenye uwazi ndani kiwe na matundu mawili, moja kila upande. Kikiwa na tundu moja, mbwa akiingiza ulimi kulamba, hewa hunyonyeka, ulimi hunaswa na kuvimba, na haurudi. Tundu la pili, hata dogo kama kalamu, linamaliza tatizo.

Kwa vile vya kuliwa vinavyodai kusafisha meno, tafuta alama ya VOHC. Hilo ni baraza la madaktari wa mifugo linalokagua matokeo ya majaribio kuona kama kweli bidhaa inapunguza ukoga au ugaga. Alama hiyo haikwambii kitu kama mbwa wako atakitafuna au atakimeza kizima.

Kukijaza

Mpira mtupu humchosha mbwa siku ya pili. Uliojazwa humshughulisha. Kwa kichezeo cha saizi ya kati, changanya vijiko viwili vya ugali laini uliopoa, kijiko kimoja cha boga au kiazi kitamu kilichopondwa, na vipande vya ini la kuchemsha vyenye ukubwa wa punje ya mahindi. Usitie chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Ziba tundu dogo kwa siagi ya karanga kidogo, jaza kupitia tundu kubwa bila kushindilia, kisha gandisha kwa saa nne.

Siagi ya karanga isome lebo kwanza. Nyingine zimetiwa utamu wa zailitoli, ambao kwenye lebo huandikwa xylitol au E967. Kiasi kidogo tu hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla na huweza kuua ini. Zabibu na chokoleti nazo haziingii humu.

Mara ya kwanza usigandishe. Jaza kilegevu ili apate haraka, aelewe mchezo. Ukianza na kigumu atakata tamaa na kurudi kwenye kochi. Na kilichomo ndani kipunguze kwenye chakula chake cha siku hiyo.

Kamba ya kuvutana, ya kusuka mwenyewe

Tumia fulana kuukuu za pamba. Kitambaa chake kimefumwa, kwa hiyo ukikikata hujikunja badala ya kuachia nyuzi ndefu. Kata vipande vitatu, kila kimoja upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 70. Vifunge fundo moja sentimita 6 kutoka ncha, banisha fundo kwenye mlango, usuke kama nywele ukivuta kwa nguvu kila mzunguko. Funga fundo la mwisho na ukate ncha ziwe sawa. Msuko ukiwa legevu, jino la chonge litaingia katikati na kunasa.

Kamba ya katani usitumie, nyuzi zake huchoma ufizi. Ya nailoni hukata. Hata hii ya fulana ni ya kuchezea wewe na yeye, kisha inatundikwa. Akiachiwa peke yake ataichambua, na uzi mrefu tumboni ni hatari kuliko kipande cha mpira: ncha moja hushika chini ya ulimi au tumboni, utumbo hujikunja juu yake kama kiuno cha suruali ya lastiki, na uzi unaukata kwa ndani.

Siku ya kwanza na baada yake

Mpe kichezeo kipya ukiwa na dakika 20 za kukaa naye bila simu. Kichukue kila baada ya dakika tano, ukimpa kipande cha chakula badala yake ili asijifunze kumeza haraka akikuona unakuja. Pitisha kidole juu yake. Mikwaruzo ni kawaida. Kipande kilichotoka chenye ukubwa wa punje ya mahindi, au ufa unaofunguka ukikikunja, maana yake hakimfai. Nunua kilicho kigumu zaidi kiasi, au kikubwa zaidi. Akimaliza siku tatu bila hayo, unaweza kumwachia ukiwa chumba cha pili, na baadaye ukitoka.

Kioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo kila baada ya kukijaza, ukisugua ndani kwa brashi ya chupa. Kwenye joto la Dar au Mombasa mabaki ya ini hayangoji kesho. Kila Jumapili vimwage vyote sakafuni, uvikunje kimoja kimoja. Kilichokatika hakishonwi.

Akikabwa, au akimeza

Mbwa aliyekabwa hupiga mdomo kwa miguu ya mbele, hatoi sauti, na ulimi hugeuka rangi kuelekea bluu. Fungua mdomo, vuta ulimi mbele, uangalie. Ukikiona na unaweza kukishika, kitoe. Usichokoe kwa kidole bila kuona, utakisukuma ndani. Kama ni mpira, mlaze chali, weka vidole gumba nje ya koo, nyuma ya mpira, uusukume kuelekea mdomoni. Ikishindikana, mkumbatie kwa nyuma, ngumi chini ya mbavu, usukume ndani na mbele mara tano, kisha angalia tena. Kikitoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anatembea; koo huweza kuvimba baadaye.

Aliyemeza kipande hukujulisha kwa kutapika tena na tena, kukataa chakula, tumbo kukaza, kukosa choo, au kusimama kifua chini na matako juu kama anayejinyoosha. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, yana sumu yake. Ukiona uzi umening'inia nyuma, usiuvute. Mpeleke siku hiyohiyo, na ubebe mabaki ya kichezeo: mpira na kitambaa mara nyingi havionekani wazi kwenye eksirei, na daktari akishika kilichobaki atajua anatafuta kitu cha umbo gani na kipande gani kinakosekana.